Kuchipusha soya kutoka kipande cha tishu: kwa nini ni kazi ngumu, na inatuhusu nini Dodoma

Mtu akishajua kwamba migomba, mkonge na hata viazi huzalishwa maabara ndani ya chupa, swali linalofuata huwa lile lile: na soya je, miche yake inauzwa wapi? Hapa Dodoma nimeulizwa na wafugaji wa kuku wanaolia na bei ya mashudu ya soya, na akina mama wanaosaga unga wa lishe, na wanafunzi wa biolojia ambao ukuzaji wa tishu wamekwisha kuusoma darasani. Miche hiyo haiuzwi, wala hakuna sababu ya kuitarajia sokoni. Lakini kazi ya kuchipusha soya kutoka kipande cha tishu ipo, imefanyika kwa zaidi ya miaka arobaini, na uzito wake ni mkubwa kuliko miche ya kuuza. Shida ni kwamba mambo kadhaa yamechanganywa kuwa jambo moja: kuzidisha miche, kuboresha mbegu, kuhamisha vinasaba, na kile kitendo chenyewe cha kukifanya kipande kiwe mmea. Hayo hayafanani, na kila moja lina mantiki yake.

Soya haihitaji chupa ili iongezeke

Ua la soya hujichavusha lenyewe, na mara nyingi uchavushaji umeshakamilika kabla petali hazijafunguka vizuri. Kwa hiyo mbegu unayovuna hubaki aina ile ile uliyopanda, msimu hadi msimu, ilimradi isichanganywe ghalani. Mche mmoja hutoa makumi ya punje, na ukitunzwa hupita mia. Mkulima wa Namtumbo au Songea, kule ambako soya ya nchi hii inalimwa kwa wingi, hana shida ya kupata nakala ya mmea wake. Mfuko wa mbegu unamtosha.

Mzabibu ni kinyume chake. Ukipanda kokwa ya zabibu hupati mzabibu ule ule uliokula, ndiyo maana wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Makutupora hupanda vipande vya matawi. Mgomba tunaoula hauna mbegu kabisa. Kwa mazao ya namna hiyo, kuchukua ncha changa isiyo na ugonjwa na kuizidisha maabara hadi iwe maelfu ya miche ni biashara yenye hesabu inayokubali. Kwa soya hesabu hiyo inakataa: mche uliolelewa miezi kadhaa ndani ya chumba chenye kiyoyozi hauwezi kushindana na punje ya kupanda.

Basi kazi hii ni ya nini? Ni ya mtafiti wa mbegu. Kuna mambo ambayo hayafanyiki kwenye mmea mzima. Hufanyika kwenye seli moja, au kwenye kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na baada ya hapo lazima kipande hicho kirudi kuwa mmea unaochanua na kuzaa. Soya, kwa mfano, ina ndugu zake wa porini huko Australia, mimea ya kudumu iliyozoea magonjwa na mazingira magumu. Ukiwachavusha na soya, maganda huanguka au mbegu hufa zikiwa changa. Mwaka 1982 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walipata chotara wa soya na mmoja wa ndugu hao, Glycine tomentella, kwa kuzitoa mbegu changa ndani ya ganda kabla hazijafa na kuzilea maabara kwenye lishe, yaani mchanganyiko wa madini, sukari na vitamini. Bila maabara, chotara huyo asingezaliwa.

Mfano mwingine unagusa zao tunalolijua vizuri Kanda ya Kati, nalo ni mbaazi. Kutu ya soya, ukungu uitwao Phakopsora pachyrhizi, huyapukutisha majani mapema na kuacha maganda yenye punje nyepesi. Mwaka 2016 watafiti wa Brazil, Uingereza na Marekani walitangaza kwamba jeni (kinasaba) moja ya mbaazi, waliyoipa jina CcRpp1, ikiingizwa kwenye soya huikinga na kutu hiyo. Watu wengi walivutiwa na jeni yenyewe, na ni haki yao. Kinachosahaulika ni kwamba jeni haiingizwi kwenye shamba. Huingizwa kwenye seli chache, na kama seli hizo zisingechipua, zikaota mizizi, zikachanua na kuzaa, ugunduzi wote ungebaki ndani ya sahani ya maabara.

Kuchipusha ndio mlango. Aina ya soya isiyokubali kuchipuka kutoka tishu haipati faida ya lolote linalofanyika kwenye seli, hata jeni iwe nzuri namna gani. Na kwa soya mlango huo ni mwembamba, tena upana wake si mmoja kwa kila aina. Hapo ndipo suala linapoanza kutuhusu sisi, kwa sababu aina zilizopimwa sana ni za wengine.

Maabara si lazima iwe na maana ya kubadili vinasaba

Hapa kwetu, neno mbegu na neno maabara yakikutana, watu hukumbuka mahindi ya Makutupora. Mwaka 2016 mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ili yastahimili ukame, ya mradi wa WEMA, yalipandwa hapo kwa majaribio kwenye eneo lililozungushiwa uzio. Novemba 2018 serikali ikaagiza majaribio ya namna hiyo yasimame. Mjadala ule ulikuwa mkali, na mmoja kati ya mabaki yake ni imani kwamba mmea wowote uliopitia chupa umechezewa.

Si kweli. Ukuzaji wa tishu peke yake hauingizi jeni yoyote. Mgomba uliotoka maabara ni mgomba ule ule wa mama yake, ila umeanza maisha bila ugonjwa. Kanuni za mwaka 2009 za usalama wa bioteknolojia, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinahusu viumbe vilivyobadilishwa vinasaba. Kipande cha soya kilichochipushwa bila kuongezewa kitu si kiumbe cha namna hiyo. Kwa hiyo mtu anaweza kupinga uhandisi jeni kwa moyo wote na bado akaunga mkono utafiti wa kuchipusha soya, na mtu mwingine anaweza kuutetea uhandisi jeni huku akijua kwamba bila kuchipusha hana pa kuanzia. Naona ni haki ya msomaji kuambiwa hivyo waziwazi, kwa sababu kuyachanganya mawili hayo kumewanyima wanafunzi wengi nafasi ya kujifunza jambo ambalo halina ubishi.

Seli za soya zinakua vizuri, ila hazitaki kuwa mmea

Mwaka 1902 mwanabotania wa Austria, Gottlieb Haberlandt, alitoa hoja kwamba kila seli hai ya mmea ina maelekezo yote ya kujenga mmea mzima, na kwamba ikitengwa na kulishwa ipasavyo inaweza kufanya hivyo. Yeye mwenyewe hakufanikiwa. Ilichukua miongo hadi homoni za mimea zikajulikana. Mwaka 1957 Folke Skoog na Carlos Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walionyesha kwa tumbaku kwamba siri iko kwenye uwiano wa homoni mbili. Oksini ikizidi, kipande hutoa mizizi. Saitokinini ikizidi, hutoa machipukizi. Zikikaribiana, unapata kalasi, yaani bonge la seli zinazogawanyika bila umbo. Miaka mitano baadaye, 1962, Toshio Murashige na Skoog walichapisha lishe ya MS ambayo hadi leo haikosekani karibu kwenye maabara yoyote ya tishu.

Soya ilikuwemo katika kazi hizi tangu mapema. Kalasi ya soya haikui bila saitokinini, kwa hiyo ilitumika kama kipimo: ukitaka kujua kama kimiminika fulani kina homoni hiyo, unakipa kalasi ya soya unaangalia kama itanenepa. Na lishe ya B5, mshindani mkubwa wa MS, ilitengenezwa na Gamborg na wenzake mwaka 1968 huko Kanada mahususi kwa seli za mizizi ya soya zinazoelea kwenye maji. Seli za soya zilikuwa zinashiba na kuongezeka kwa furaha zote. Hazikuwa mmea. Tumbaku ilichipua kutoka kipande cha jani, karoti ikatoa viinitete (vimelea vya mche kama kile kilichomo ndani ya mbegu), soya ikaendelea kutoa kalasi tu.

Mwaka 1980 Cheng na wenzake wakaripoti njia iliyofanikiwa: waliacha kuhangaika na jani wakachukua kifundo cha kotiledoni, yaani pale ambapo yale majani mawili manene ya mbegu yanashikana na shina la mche mchanga. Kwenye makwapa ya kotiledoni hizo kuna seli changa ambazo bado hazijachukua kazi maalumu, zipo tayari kuwa tawi endapo ncha ya juu itakatika. Mkulima anajua jambo hili bila maabara: mbuzi akila ncha ya mche wa kunde, unatoa matawi pembeni. Kilichofanyika maabara ni kuziongezea seli hizo saitokinini nyingi ili badala ya tawi moja zitoe machipukizi mengi, mengine kutoka seli mpya kabisa za eneo hilo. Kwa soya, basi, haitafutwi namna ya kuilazimisha seli iliyokwisha kukomaa irudi utotoni. Inatafutwa seli ambayo haijaenda mbali.

Mbele ya kabati la hewa safi

Mbegu huchaguliwa kwa jicho moja moja: nzima, ngozi haijapasuka, haina doa. Hazilowekwi kwenye jiki, kwa sababu soya ikiloweka hufura haraka, ngozi inajikunja, na bakteria hujificha kwenye mikunjo. Husafishwa kwa gesi ya klorini ndani ya chombo kilichofunikwa, usiku mzima, kwenye kabati linalovuta hewa kuitoa nje ya jengo. Gesi hiyo huunguza mapafu, kwa hiyo pasipo na kabati la namna hiyo hatua hii haifanywi.

Mbegu safi huoteshwa kwenye lishe kwa siku tano hadi saba. Unachopata ni mche mfupi wenye kotiledoni mbili za kijani zilizonona. Mbele ya kabati la hewa safi, lile linalopuliza hewa iliyochujwa, kibano mkono mmoja, kisu cha upasuaji mkono wa pili, unakata shina milimita tatu hadi tano chini ya kifundo. Kisha unapasua katikati kutoka juu kwenda chini ili kila nusu ibaki na kotiledoni moja. Unaondoa ncha ya juu pamoja na majani mawili machanga yaliyoanza kujikunjua. Sasa kwenye kwapa la kotiledoni unaona kidoti cha kijani cha milimita moja hivi. Hicho ndicho kila kitu. Unakichanja kwa ncha ya kisu mara tano hadi saba, michanjo ya kufuata urefu wa shina, sambamba. Ukizamisha kisu umeua seli ulizokuwa unazitafuta. Ukikwaruza juu juu, kile chipukizi cha awali kinarefuka peke yake na unapata shina moja badala ya kichaka. Hakuna kitabu kinachoweza kukuambia kina sahihi, vidole hujifunza vyenyewe, na ndiyo maana matokeo ya watu wawili wanaotumia maelekezo yale yale hutofautiana sana.

Kipande kinalazwa kwenye lishe ya B5 yenye sukari gramu 30 kwa lita, agari ya kuigandisha, uchachu uliorekebishwa hadi pH 5.7 au 5.8, na saitokinini iitwayo BAP, kwa kawaida kati ya miligramu moja na mbili kwa lita. Chumba kina nyuzi joto 25 hivi, mwanga saa 16 na giza saa 8. Kila baada ya wiki mbili kipande kinahamishiwa lishe mpya, na seli zilizokufa na kuwa kahawia hukatwa, kwa sababu ule ukahawia ni kemikali za jeraha zinazosumbua seli jirani. Ikifika wiki ya nne kwapa limejaa vichipukizi vya kijani.

Wengi hudhani wameshinda hapo. Picha hupigwa, ripoti huandikwa, asilimia ya vipande vilivyochipua hutajwa kwa fahari. Lakini vichipukizi hivyo vinaweza kukaa miezi bila kurefuka, vikabaki vimesongamana, vingine vikawa vya kioo, yaani vimejaa maji na majani yake yanapitisha mwanga, kisha vikafa. Kurefusha kunahitaji lishe nyingine yenye jibereli (homoni ya kurefusha shina), oksini kidogo sana na saitokinini ya aina nyingine, na hata hivyo ni sehemu ndogo tu ya vichipukizi inayofika sentimita tatu, urefu ambao kwa kawaida ndipo mizizi huanza kujaribiwa. Kwa maoni yangu ripoti yoyote ya kuchipusha soya inayoishia kwenye idadi ya vichipukizi haijasema lolote la maana. Chipukizi refu huchovywa kitako kwenye oksini ya IBA, likawekwa kwenye lishe isiyo na saitokinini, na mizizi huonekana ndani ya wiki moja au mbili.

Njia ya pili, na dawa ya magugu

Ipo njia tofauti kabisa ambayo haitafuti tawi, inatafuta kiinitete. Mbegu changa hutolewa kwenye ganda la kijani wakati kotiledoni zake zina milimita tatu hadi tano, kile kiini kinachokuwa mche hukatwa na kutupwa, na kotiledoni zinabaki kwenye lishe yenye 2,4-D. Ndiyo, dawa ile ile ambayo wakulima wa mahindi hupulizia magugu ya majani mapana. Ni oksini ya kutengenezwa, na kwa soya hutumika kwa kipimo cha kushangaza, miligramu 40 kwa lita, wakati mimea mingi huridhika na moja au mbili. Baada ya wiki tatu hadi nne, uso wa kotiledoni unatoa vinundu vya kijani kibichi, na kila kinundu ni kiinitete kilichoanzia kwenye seli moja au chache bila ua wala chavua.

Lazzeri na wenzake waliifafanua njia hii mwaka 1985 kwa mbegu changa, na mwaka 1988 Finer na Nagasawa wakaonyesha namna ya kuvizidisha viinitete hivyo kwenye lishe ya maji. Baadaye 2,4-D huondolewa ili viinitete vikomae, kisha hukaushwa kidogo kwa siku chache kabla ya kuoteshwa. Kukausha si jambo la hiari. Mbegu ya soya shambani hukauka kwenye ganda kabla ya kuota, na kiinitete cha maabara kikikosa hatua hiyo mara nyingi hakijui kwamba wakati wa kuota umefika.

Faida ya viinitete ni usafi wa ukoo. Kwa kuwa kila kimoja kinatoka seli moja au chache, jeni iliyoingizwa kwenye seli hiyo itakuwa kwenye mmea mzima. Tawi la kifundo linaweza kuwa mseto, upande mmoja wenye jeni na upande mwingine usio nayo, na hutajua hadi uzipime mbegu zake. Hasara yake ni muda. Njia hii inaweza kula karibu mwaka mzima, na seli zilizokaa muda mrefu kwenye 2,4-D huanza kupoteza uwezo: mimea inatoka mifupi, majani yamepinda, au inachanua bila kuzaa. Seli hujibadilisha zenyewe zikikaa sana kwenye homoni, hilo linajulikana kwa mazao mengi, na dawa yake ni kutozizeesha.

Kwa anayeanza, mimi ningemwelekeza kwenye kifundo. Mbegu kavu inapatikana mwezi wowote, wakati mbegu changa zinataka banda lenye soya inayochanua mfululizo mwaka mzima.

Aina za Illinois hazitatufikisha

Kizuizi kikubwa kuliko vyote ni aina. Vipande vya aina mbili za soya, vimekatwa na mtu mmoja siku moja na kuwekwa kwenye lishe moja, vinaweza kutoa matokeo ambayo hayafanani hata kidogo. Aina ya Jack imekuwa kipenzi cha njia ya viinitete kwa sababu inakubali, na Williams 82, ambayo ndiyo iliyosomwa jenomu yake, yaani vinasaba vyake vyote, mwaka 2010, hutumika sana pia. Zote mbili ni za ukanda wa katikati ya Marekani. Bossier iliyozoeleka kwa wakulima wetu, na zile za kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, kama Uyole Soya 1, hazimo kwenye kundi hilo la kujaribiwa kila siku.

Mtu anaweza kusema: tuagize Jack, tufanye kazi yote juu yake, kisha tuichavushe na aina zetu. Inawezekana, ila kuna jambo la mwanga linalosahaulika. Soya ni mmea wa siku fupi, huchanua usiku ukiwa mrefu wa kutosha. Illinois mwezi Juni mchana una takribani saa 15, na aina za kule zimezoea kusubiri. Dodoma iko nyuzi sita hivi kusini mwa ikweta, mchana ni takribani saa 12 mwaka mzima, na tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki saa moja. Aina ya Illinois ikifika hapa inadhani msimu umekwisha, inachanua ikiwa na vifundo vichache tu na kuzaa maganda ya kuhesabika. Ndani ya chumba cha saa 16 za mwanga mche wa chupani utaonekana wenye afya, ukitoka nje tu unachanua ukiwa bado mdogo. Kwa hiyo ukitaka kuilea hapa lazima uongeze taa usiku bandani, na ukichavusha na aina ya kwetu, vizazi kadhaa vitakwenda kwenye kuiondoa tabia hiyo ya kuwahi.

Kwa sababu hiyo naamini njia fupi kwetu ni ile inayoonekana ndefu: kuzifanyia kazi aina zetu wenyewe hadi zikubali. Hakuna mtu wa nje atakayefanya hivyo kwa niaba yetu, maana Bossier na Uyole Soya 1 si mbegu zinazompa yeye chakula.

Vumbi, maji na hewa ya kiangazi

Dodoma ina mambo yake. Sehemu kubwa ya maji tunayotumia hutoka visimani na yana chumvi, kwa hiyo lishe hutengenezwa kwa maji yaliyotoneshwa tu. Chumvi ya ziada ya kalsiamu inabadilisha uwiano wa lishe na kuacha unga mweupe chini ya chupa. Kuanzia Agosti upepo unaleta vumbi, na vumbi limebeba mbegu za ukungu. Chumba cha kukatia kinapaswa kuwa na milango miwili, dirisha lisifunguliwe, na sakafu ipigwe deki kwa maji yenye dawa, isifagiliwe. Umeme ukikatika wakati kabati la hewa safi linafanya kazi, unafunika kila kilicho wazi na kuacha, hata kama zimebaki mbegu mbili.

Kwenye gharama kuna nafuu. Sukari ya dukani inafanya kazi ya sukari ya maabara, na sufuria ya presha inayofika nyuzi 121 husafisha lishe kwa dakika 15 hadi 20 sawa na mashine kubwa. Homoni ndizo zisizotaka mkato: pima kwa mizani nzuri, hifadhi kwenye baridi, andika tarehe.

Hatari kubwa inangoja mwisho, wakati mche unatoka chupani. Ndani ya chupa unyevu wa hewa unakaribia asilimia 100. Majani yamejengwa bila nta ya kutosha, na vinyweleo vya kupumulia havijajifunza kujifunga. Ukiuweka mche huo kwenye upepo mkavu wa Septemba, unanyauka ndani ya saa chache. Kwanza mizizi huoshwa kwa maji ya vuguvugu ili agari yote itoke, kwani sukari iliyobaki inaalika ukungu. Mche unapandwa kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji uliopikwa kwa mvuke, kisha unafunikwa kwa chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa kitako. Siku mbili tatu za kwanza kifuniko hakiguswi. Baada ya hapo kinafunguliwa mdomo, halafu kinainuliwa kwa dakika chache jioni, kila siku zaidi kidogo, hadi wiki ya pili. Anayefanya kazi hii Dodoma apange kalenda yake kurudi nyuma ili miche yenye mizizi itoke Januari au Februari, mvua zikiwa zimeshika na hewa ina unyevu.

Tena kuna bakteria wa mizizi. Soya hupata naitrojeni kwa msaada wa Bradyrhizobium, ambao hawamo kwenye udongo uliopikwa, na kwenye udongo ambao haujawahi kulimwa soya, kama ulivyo mwingi wa Kanda ya Kati, wenye kuifaa huwa hawatoshi. Mche wa chupani unaogeuka njano wiki ya tatu mara nyingi hauumwi, una njaa. Unapewa chanjo ya bakteria hao au mbolea kidogo ya naitrojeni.

Jaribio linalosubiri mtu

Mbegu zinazotoka kwenye mmea uliochipushwa hupandwa mstari mmoja pembeni ya mbegu za mama yake ambazo hazikupitia chupa, ili kuangalia urefu, siku za kuchanua, idadi ya maganda na uzito wa punje. Zikifanana kwa vizazi viwili, ujue maabara haikuivuruga aina. Zikitofautiana kwa uzuri, kuna kitu cha kufuatilia, na hapo safari ya kawaida ya mbegu mpya inaanza, pamoja na majaribio yanayosimamiwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, kabla haijamfikia mkulima.

Kwa pa kuanzia ningechukua Bossier na Uyole Soya 1, na Williams 82 kama kipimo. Vifundo mia moja kwa kila aina, BAP ya viwango vitatu, mkataji mmoja kwa vyote ili mkono usiwe sababu ya tofauti. Vinahesabiwa vipande vilivyochipua, machipukizi yaliyofika sentimita tatu, yaliyoota mizizi, yaliyoishi mwezi mmoja nje ya chupa, na mimea iliyozaa mbegu zinazoota. Namba ya mwisho ndiyo ya kuandikwa juu kabisa ya ripoti, hata ikiwa ni nne kati ya mia. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili mwenye mwaka mmoja wa utafiti anaweza kulimaliza jaribio hilo, akianza kuotesha mbegu mwezi Agosti.